Mradi Unaisha, Ujana Bado

Maswali yanayoingia kwenye sanduku letu hayana majina, ndiyo maana ni ya kweli. Je, mtu anaweza kushika mimba mara ya kwanza? Hedhi yangu imeruka mwezi, ninaumwa? Mpenzi wangu anasema nikikataa basi simpendi, nifanyeje?

Nimekuwa mwelimishaji rika, yaani kijana anayewaelimisha vijana wenzake, sasa nasimamia waelimishaji rika, katika miradi ya afya ya uzazi kwa vijana inayolipiwa na wafadhili wa nje. Swali la kwanza halina utata: ndiyo, anaweza. Lile la tatu ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu halimalizwi kwa kikao kimoja. Kijana lazima arudi, arudi tena, mpaka akuamini na kukueleza yanayomsibu.

Hapo ndipo tunapokwama. Shirika la Afya Duniani huhesabu vijana balehe kuanzia miaka 10 hadi 19. Miradi mingi hudumu miaka mitatu, minne, ikizidi sana mitano. Binti anayeanza nasi akiwa na miaka 12 tunamwacha na 15, maswali yake ndiyo kwanza yanakuwa mazito.

Mwaka 1994, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa mjini Cairo, nchi 179 zilikubaliana kwamba vijana nao wapewe taarifa na huduma za afya ya uzazi. Nayathamini sana makubaliano yale. Lakini fedha zimefuata chaguzi za nchi tajiri. Sera ya Marekani iliyotangazwa Mexico City mwaka 1984 huyanyima fedha mashirika ya nje yanayotoa huduma au ushauri wa utoaji mimba, hata kwa pesa zao wenyewe. Rais Clinton aliifuta 1993, Bush akairudisha 2001, Obama akaifuta 2009, Trump akairudisha 2017, Biden akaifuta 2021, Trump akairudisha tena 2025. Mwaka 2021 Uingereza nayo ilikata takriban asilimia 85 ya mchango wake kwa mpango wa UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, wa kununua vifaa vya uzazi wa mpango. Mwaka 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa.

Kliniki inayokosa fedha kwa sababu ya huduma moja hufunga mlango kwa zote: kondomu, vipimo vya VVU, vijiti vya uzazi wa mpango, ushauri nasaha. Kijana hajui habari za Ikulu ya mtu. Anachokiona ni kufuli, na nesi aliyemzoea hayupo. Hilo linaniuma kuliko takwimu yoyote.

Siwaombi wafadhili waondoke, hata kidogo. Nawaomba wawekeze kwa walimu na manesi watakaobaki pale hata bango la mradi likishushwa. Halafu kwenye fomu za ripoti, ambako kila robo mwaka tunaulizwa ni vijana wangapi wamehudhuria, waongeze safu ya pili: wangapi wamerudi. Nimelipendekeza hili katika kila andiko la mradi ninaloshirikishwa, na nitaendelea kulipendekeza.