Damu ya watu

Sentensi ya mwanangu Seif hainitoki. Aliisema kliniki, kakaa pembeni yangu, hanitazami.

"Ukiwa peke yako, mwanangu, unawaza nini?" daktari alimwuliza.

"Nawaza naimaliza damu ya watu."

"Ya nani?"

"Ya mjomba. Na ya baba. Nikilazwa tu, wanatolewa."

Nimeirudia nikikunja khanga dukani, nikipika, hata harusini kwa Mwanaidi juzi: watu wanapiga vigelegele, mimi nasikia "wanatolewa".

Mnajua selimundu ya Seif, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ilivyo humu ndani. Kuchoka, kukataa chakula, usingizi wa kukatikakatika, yote tumeyazoea, na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, hujificha humohumo. Safari hii mwili ulikuwa shwari: maumivu hana, homa hana, wingi wa damu 7.8, ndio wake wa siku zote. Lakini njiwa kawaacha. Seif huyuhuyu wa kuamka alfajiri kuwamwagia mtama! Zuhura akimwambia kinda limetoka, anafokewa. Uso ukutani mchana kutwa, na wiki ya pili ikaisha hivyo. Ndipo nikampeleka.

Daktari yule Mungu amlipe. Alinieleza kwamba mtoto mwenye sonona si lazima alie, wengi huwa wakali. Uchovu na kukosa hamu ya kula ugonjwa wenyewe waweza kuvileta, kwa hiyo yeye hutafuta kile ambacho upungufu wa damu hauwezi kukieleza: mtoto kuacha anachokipenda, kujilaumu, kujiona mzigo. Kisha akamwuliza Seif waziwazi kama amewahi kutamani kufa. Mwili ulinifa ganzi. Seif akasema hapana, na mabega yakamshuka. Kumwuliza mtoto hakumpandikizii wazo hilo, daktari akaniambia. Watakuwa wanazungumza kila wiki. Dawa zake za selimundu, foliki na haidroksiyurea, anaendelea nazo kama kawaida.

Kaka nilimpigia simu tukiwa bado getini. Jioni akaingia kutoka Pangani, akamketisha Seif barazani.

"Mwanamume huruhusiwa kutoa damu kila baada ya miezi 3. Unajua kwa nini?"

"Sijui, mjomba."

"Kwa sababu inarudi. Ile niliyotoa wakati wa Maulidi mwili umeshatengeneza nyingine. Sijapungukiwa kitu."

Seif kamkazia macho.

"Na ya baba?"

"Na ya baba yako."

Kimya. Halafu: "Mjomba, yule njiwa mweupe umemwona?"

Nilikuwa jikoni, nikaacha mchuzi uchemke wenyewe. Najua safari bado ndefu, na jana kaamka tena na hasira zake. Lakini kauliza njiwa! Nimefurahi mpaka nikashindwa kula.

Sasa mwenye fremu ya duka langu naye anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo kabla mwezi haujaisha, na Ngamiani wateja hawaonekani tangu masika ianze. Sijui nimwendee mwenyewe nikamwombe, au nimtume baba Seif.