Kompyuta moja, TV tatu: ya 4K, ya inchi 32 na ya chogo

Nilitaka kompyuta moja ya sinema, iliyo sebuleni, ipeleke picha kwenye TV tatu zisizolingana. Ya sebuleni ni inchi 55 ya 4K, yaani pikseli 3840×2160. Ya chumbani ni inchi 32 ya zamani yenye nembo ya HD Ready, na kioo chake kina pikseli 1366×768. Ya jikoni ni ya chogo, inchi 21, haina HDMI kabisa; ina matundu ya AV tu, njano, nyekundu na nyeupe. Kompyuta ni ile ndogo ya ofisini iliyokwisha kutumika, ina tundu moja la HDMI na mawili ya DisplayPort, aina nyingine ya tundu la picha. Picha zinatoka kwenye prosesa ya Intel yenyewe, ambayo inaendesha skrini tatu kwa pamoja, kwa hiyo sikununua kadi ya picha.

Wengi huanza na splita ya HDMI, moja kuingia na tatu kutoka. Mimi pia nilianza hapo, na ndipo nilipoelewa shida iko wapi. Kila TV ina kumbukumbu ndogo inayoitwa EDID, kwa kawaida baiti 256 kwenye TV za HDMI, inayoiambia kompyuta rezolusheni (idadi ya pikseli) na kasi inazokubali. Kompyuta huisoma kupitia pini ya 15 na ya 16 za kebo, na pini ya 19 ndiyo inayotoa taarifa kwamba kuna TV imechomekwa. Sasa splita inasimama katikati. Kompyuta inaona TV moja tu, na splita ndiyo inayoamua imsomee EDID ya TV ipi. Ikisoma ya 4K, ya inchi 32 inabaki nyeusi au inaandika kwamba haiwezi kuonyesha picha hiyo. Ikisoma iliyo dhaifu, ya 4K inaletewa 720p (pikseli 1280×720) na inaivuta mpaka picha inakuwa na ukungu. Kwa TV zinazofanana splita ni kifaa kizuri sana. Kwa TV zisizofanana, mpe kila mmoja tundu lake.

Lipi kwa nani? Usidhani HDMI ndiyo bora kwa sababu inachomekwa moja kwa moja. Kwenye kompyuta nyingi za aina hii tundu la HDMI ni toleo la 1.4, linalobeba gigabiti 10.2 kwa sekunde. Kwa 4K linaishia 30 Hz, yaani picha 30 kwa sekunde, na hata kishale cha mausi kinaonekana kikirukaruka. 4K kwa 60 Hz inahitaji gigabiti 18 za HDMI 2.0. DisplayPort 1.2 inatosha, lakini kwa adapta ya DisplayPort kwenda HDMI 2.0 iliyo *active*, yenye chipu ya kugeuza ishara. Zile za bei rahisi zisizo na chipu huishia kasi ya pikseli ya 165 MHz, au 300 MHz kwa aina ya pili; 1080p kwa 60 Hz inataka 148.5 MHz, ilhali 4K kwa 60 Hz inataka 594 MHz. Kwa hiyo TV ya 4K nikaiweka kwenye DisplayPort ya kwanza kwa adapta yenye chipu, ya inchi 32 kwenye HDMI, na ya chogo kwenye DisplayPort ya pili kwa adapta rahisi, ikifuatiwa na kigeuzi cha HDMI kwenda AV.

Kwenye TV ya 4K yenyewe kuna mpangilio unaofungua uwezo wote wa tundu, na mara nyingi unakuja umezimwa. LG wanauita HDMI Ultra HD Deep Colour, Samsung ni HDMI UHD Color au Input Signal Plus, na Sony ni Enhanced format. Usipouwasha utabadilisha kebo tatu bure.

Kebo ya sebuleni ni mita 2. Ya chumbani ni mita 12, na urefu huo unapitisha 1080p kama kebo ni nene na nzuri; 4K kwa 60 Hz usiitarajie hapo. Chomeka HDMI zote kwanza, ndipo uchomeke vifaa kwenye umeme. TV yenye plagi ya pini mbili, isiyo na waya wa ardhi, huvujisha umeme kidogo kwenye bodi, ule unaokuwasha vidole ukigusa chuma chake, na unatosha kuua tundu la HDMI.

Nilitumia Linux kwa kikao cha X11, mfumo wake wa zamani wa kuchora skrini, kwa sababu amri ya xrandr inaruhusu kila TV ipate rezolusheni yake huku zote zikionyesha picha ileile. Kwa Wayland, mfumo mpya unaoshika nafasi ya X11, amri hizi hazifanyi kazi hivyo. Windows ukiiambia inakili picha kwenye skrini zote, inatafuta rezolusheni inayokubalika na wote na kuwashusha wote hapo.

Amri ya kuwasha TV zote ni hii, yote katika mstari mmoja:

xrandr --fb 1920x1440 --output DP-1 --primary --mode 1920x1080 --rate 60 --pos 0x180 --output HDMI-1 --mode 1360x768 --scale-from 1920x1080 --pos 0x180 --output HDMI-2 --mode 1280x720 --scale-from 1920x1440 --pos 0x0

Namba hizo zina sababu. Kioo cha inchi 32 kina pikseli 1366 kwa upana, lakini 1366 haigawanyiki kwa 8, na TV nyingi za namna hii hujitangaza kuwa 1360×768. Chukua hiyo, maandishi yanasomeka vizuri kuliko ukiipelekea 1080p ikajipunguzie yenyewe.

1440 ni kwa ajili ya chogo. Kioo chake ni cha 4:3 (upana kwa kimo), na kigeuzi kinaibana picha ya 16:9 kutoka pembeni, watu wanaonekana wembamba na warefu. Nikaipa eneo la 1920×1440, ambalo ni 4:3 kamili, na sinema yenye kimo cha 1080 nikaishusha kwa 180 ili ikae katikati. Juu na chini panabaki ukanda, weka mandhari nyeusi ya desktopu upotee. Sura za watu zinarudi kawaida. Usishangae pia kwamba tundu la pili la DisplayPort linaitwa HDMI-2: adapta isiyo na chipu hulifanya litoe HDMI halisi, na mfumo unalitaja hivyo. Majina ya kwako yatazame kwa kuandika xrandr peke yake.

Kigeuzi cha AV kinataka umeme wa volti 5 wa USB. Kina swichi ya PAL na NTSC, mifumo miwili ya ishara ya TV za zamani. Kwa chogo za huku weka PAL, la sivyo picha inaweza kuja bila rangi au ikizunguka.

Kwa filamu ya 4K nina amri ya pili inayozima mbili na kuiachia sebule peke yake:

xrandr --output HDMI-1 --off --output HDMI-2 --off --output DP-1 --mode 3840x2160 --rate 60 --pos 0x0

Nilijaribu kuziacha zote tatu zikiwaka huku desktopu ikiwa 4K. Prosesa ilielemewa na filamu ikakwamakwama. Ndiyo maana kwa matumizi ya wote sebule inapokea 1080p na TV inaikuza yenyewe, na ukikaa mita 3 tofauti ni ndogo.

Rangi nayo ilileta tabu chumbani: sehemu za giza zote zilikuwa nyeusi tii. Kwa 720p na 1080p Intel hutuma rangi za ngazi 16 hadi 235, kutoka nyeusi mpaka nyeupe, kama TV zinavyotarajia, lakini kwa 1360×768 inadhani inaongea na monita na kutuma 0 hadi 255. Dawa:

xrandr --output HDMI-1 --set "Broadcast RGB" "Limited 16:235"

Kama kingo za picha zimekatwa, hiyo ni TV inayokuza picha kama ya antena. Tafuta Just Scan kwa LG, Screen Fit kwa Samsung au Full Pixel kwa Sony.

Sauti usiihangaikie kwenye HDMI zote. Kwa kawaida kadi ya sauti inaruhusu HDMI moja kwa wakati, na hata ukizilazimisha, kila TV inachelewesha kivyake na unasikia mwangwi ukipita koridoni. Mimi natoa sauti kwa waya wa milimita 3.5 kwenda kwenye sabufa ya sebuleni, na HDMI naichagua pale tu mtu anapotazama chumbani.

Baadhi ya TV zikizimwa kwa rimoti hutoweka kabisa kwa kompyuta, na mpangilio wote unavurugika. Ya inchi 32 ni mojawapo. Ikiwa imewashwa, nakili EDID yake kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo:

mkdir -p /lib/firmware/edid
cat /sys/class/drm/card0-HDMI-A-1/edid > /lib/firmware/edid/tv32.bin

Kisha ongeza kwenye mstari wa kuwashia kernel, kiini cha Linux: drm.edid_firmware=HDMI-A-1:edid/tv32.bin video=HDMI-A-1:e. Kernel inasema HDMI-A-1 pale xrandr inaposema HDMI-1, na card0 inaweza kuwa card1. Faili liingize pia kwenye initramfs, furushi dogo la faili linalopakiwa mwanzo wa kuwaka, kwa sababu dereva wa picha mara nyingi huamka kabla diski haijafunguliwa.