Tii ya robo tatu

Mwaka 2014 Mtwara nzima ilikuwa inazungumzia bomba. Lile la gesi, la inchi 36, lililokuwa linafukiwa kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam. Mimi nilikuwa na bomba langu la nusu inchi, refu kama mkono wangu, na ndilo lililoninyima usingizi.

Mama alikuwa anapika sabuni za mafuta ya nazi uani kwetu, Magomeni. Sabuni nzuri, povu jingi, ila hazikuwa na harufu ya kumvutia mteja. Mafuta ya mchaichai ya dukani yalikuja kwenye kichupa cha kidole kimoja, bei ya kuku mzima, wakati kwetu mchaichai ulikuwa umeota mpaka njia ya chooni. Nikamwambia tutayatoa wenyewe. Maji yachemke, mvuke upite kwenye majani, uingie kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi, utoke matone. Mafuta yanaelea juu, unayaengua. Kwenye daftari mtambo ulinichukua dakika kumi.

Kazi ilikuwa kwenye ncha. Bomba dogo linakaa ndani ya kubwa, maji baridi yanapita katikati yao, na kila ncha inafungwa kwa tii ya kopa, kiungo cha shaba chenye umbo la T: mdomo mmoja wa robo tatu, mwingine wa nusu, na tawi la kuunganishia mpira wa maji. Sasa tii haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Ndani ya mdomo wa nusu kuna ukingo mdogo, bomba likifika hapo linakwama, ndivyo fundi wa maji anavyotaka. Mimi nilitaka lipenye litokee upande wa pili.

Binamu yangu alininunulia tii mbili Gerezani, Dar es Salaam, akanitumia kwa basi. Mbili tu, maana zilikuwa ghali. Bomba nikalifuata kwa fundi friji mmoja jirani na soko, mzee wa makamo, msema kidogo. Nikaomba nusu, akanikatia nusu. Nilipolijaribu kwenye tii likacheza kama kijiti ndani ya chupa. Nikarudi nimenuna.

"Mjomba," akasema, "sisi watu wa friji tunapima nje. Watu wa maji wanataja tundu. Nusu yao kwangu ni tano kwa nane."

Akanikatia jingine. Hilo liliingia mpaka kwenye ukingo, tak, likasimama. Nikaona mambo yamekwisha.

Ukingo wenyewe ni mwembamba, hata milimita moja haufiki. Nikaibana tii kwenye jiliwa, nikachukua tupa la duara, nikaanza. Kopa ni laini lakini ina ujanja wake: unga wake unajaa kwenye meno ya tupa, na ukishajaa tupa linateleza tu, halili tena. Mimi nikadhani nguvu zimepungua. Nikakandamiza. Jasho likanitoka, uani kukawa na mlio wa kuudhi, mama akafunga dirisha. Baada ya kama saa moja bomba likapita, na nilipiga kelele ya furaha ambayo bado jirani mmoja ananitania nayo. Kisha nikalitikisa. Lilikuwa linacheza tena. Nilikuwa nimekula ukingo pamoja na ukuta wa mdomo, na jiliwa ilikuwa imeibana tii hadi ikawa na umbo la yai.

Sikumwambia mama. Nikalehemu hivyo hivyo, lehemu ikapita kwenye uwazi na kudondoka chini vipande vipande kama kamasi. Usiku ule nilitamani kuitupa baharini.

Katikati ya hayo mjumbe akaja. Ulikuwa msimu wa mabibo, mji unanukia uraka, pombe ya mabibo, na habari ilishafika kwake kwamba kwa mama yule kuna kijana anaunganisha mabomba ya kopa nyakati za jioni. Alikaa, akanywa chai, akauliza hali ya korosho shambani, akauliza mpaka afya ya kuku. Mwishowe: "Nasikia mna mtambo." Mama akamletea beseni la mchaichai na mche wa sabuni. Akavinusa vyote viwili kwa zamu, muda mrefu, kama anayetafuta kitu ambacho amefichwa. Aliondoka na ule mche.

Asubuhi nikampelekea fundi friji tii yangu ya yai. Hakunisema. Alifuta ile lehemu, akaichoma tii kwa moto mpaka ikaiva nyekundu, akaichovya kwenye maji, akanipa niishike. Ilikuwa laini kama siyo ile. Chuma ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu, kopa inalegea. Akapenyeza kipande cha bomba ndani, akauzungushia mdomo vipigo vidogo vya nyundo ya mbao, anageuza na kugonga, anageuza na kugonga, mpaka mdomo ukarudi mviringo na kulibana bomba sawasawa. Halafu akanifundisha tii ya pili: izungushie mpira wa tyubu ya baiskeli kabla ya kuibana, tupa lipake chaki ili unga usigande, kila ukipiga mara tano jaribu bomba. "Usiikabe kama mwizi."

Kulehemu nilifanya mwenyewe, yeye amesimama nyuma yangu. Msasa mpaka kopa ing'ae, grisi ya kulehemia, moto kwenye tii na siyo kwenye lehemu. Ukipatia, lehemu inafyonzwa yenyewe, inazunguka mdomo mzima kwa kufumba na kufumbua, pete ya fedha. Sijachoka kuitazama mpaka leo.

Jumamosi tukawasha moto. Mpira wa maji nilikuwa nimeuunga juu, koti, yaani lile bomba la nje, halikujaa, mvuke ukatoka unafuka. Nikauhamishia chini, ukatulia. Matone yakaanza. Mama akaweka kidole, akanusa, akaita watoto wa jirani nao wanuse. Kila mtu alikuwa upande ule wa kikombe.

Fundi hakwenda huko. Alichana kipande cha gazeti, akachuchumaa kwenye ile tii aliyoigonga, akakizungusha kwenye kiungo taratibu, akakitazama kwa jua. Kikavu. Akahamia kwenye ya pili, ile yangu nzuri. Kikatoka na alama ya unyevu.

Akanionyesha, akakikunja akakitia mfukoni, ndipo akaenda kunusa.