Maigizo ya papo kwa papo: mwanafunzi aelekezwe kuangalia wapi?

Walimu wa maigizo ya papo kwa papo hubishana sana kuhusu kanuni, hasa ile ya "ndiyo, na…", yaani kukubali alichosema mwenzako kisha kuongeza juu yake. Kwangu swali la maana zaidi ni hili: mwanafunzi akiwa jukwaani hajui la kusema, umemfundisha kuangalia wapi? Mikondo mikubwa ya ufundishaji inajibu tofauti kabisa, na kila jibu lina mtu linayemfaa na mtu linayemharibu.

Viola Spolin, mwalimu wa maigizo wa Marekani, alimfundisha mwanafunzi kuangalia kitu kimoja kilicho nje ya nafsi yake. Alijifunza michezo ya vikundi kwa mwalimu Neva Boyd huko Hull House, kituo cha huduma za jamii mjini Chicago, na kati ya 1939 na 1941 alisimamia maigizo katika mradi wa serikali ya Marekani wa kutoa ajira. Mbinu yake ni mchezo wenye jambo moja tu la kushikilia. Chukua mchezo wa mahali. Wawili wanaingia jikoni pasipo na kitu chochote, kila mmoja aguse angalau vitu vitatu, na watazamaji wajue ni jikoni bila kuambiwa. Mwangalie anayefungua bomba. Vidole vikikutana, hakuna koki. Lazima nafasi ya unene wake ibaki kiganjani. Sufuria ikijaa, mkono ushuke kwa uzito. Na bomba akiliacha wazi, darasa zima litaona.

Kinachoharibika hapa ni kile kile kila mara: baada ya sekunde chache mmoja anasema, "Jiko hili limezeeka," na mikono yote miwili inalala. Usisimamishe mchezo. Kutoka pembeni, sema maneno mawili matatu, "Uzito wake!" au "Onyesha!", nao waendelee bila kukugeukia. Ukimaliza, waulize watazamaji: walituonyesha au walituambia? Usiulize kama wamependa. Spolin alipinga sana sifa na lawama, na naona alikuwa sahihi kabisa, kwa sababu mwanafunzi anayetafuta sifa anamwigizia mwalimu, na mwenzake anabaki peke yake. Tatizo jingine ni la mwalimu: anaongea mno. Ukiona wachezaji wanasubiri sauti yako ndipo wafanye kitu, nyamaza dakika nzima.

Keith Johnstone, aliyeanzia ukumbi wa maigizo wa Royal Court mjini London kisha akahamia Calgary, Kanada, alimfundisha mwanafunzi kumwangalia mwenzake. Chombo chake kikuu ni hadhi: nani yuko juu na nani yuko chini katika kila sentensi. Uzuri wake ni kwamba hadhi inafundishika kwa mwili. Zungumza bila kutikisa kichwa, unapanda. Tikisatikisa kichwa na gusa uso, unashuka. Anza sentensi kwa "e" fupi, unashuka, maana umemkaribisha mwenzako akukatize. Ivute iwe "eeee" ndefu, unapanda, kwa kuwa umeshika zamu hata kabla ya kuwa na neno.

Mwalimu asiye makini husema, "Wewe uwe juu, yeye awe chini," akapata mfalme na mtumwa, kelele na magoti. Neno linalotibu hilo ni *kidogo*. Waambie: jiweke juu yake kidogo tu. Wawili kwenye benchi la kusubiri:

"Samahani kaka, hapa pana mtu?"

"Kaa tu. Foleni huwa inaanzia dirisha lile, lakini kaa tu."

Hakuna aliyetukanwa, hakuna kilichotokea, na bado kila mtu darasani ameinua kichwa. Pengo likiwa dogo, mchezaji analazimika kumsikiliza mwenzake neno kwa neno ili ajue yuko wapi.

Johnstone pia alifundisha hadithi, jambo ambalo Spolin hakulitaka lipangwe mapema. Alimlinganisha msimulizi na mtu anayetembea kinyumenyume: haoni aendako, ila anaona alikopita, na kazi yake ni kuvirudisha vilivyoachwa njiani. Jaribu hivi: mmoja ataje mambo yasiyohusiana kwa nusu dakika, mwingine ayaunganishe. Wanaokwama ni wale wanaotafuta jambo la ajabu. Waambie waseme lililo wazi.

Harold, umbo la onyesho refu la papo kwa papo, ni kitu kingine. Mwigizaji na mwalimu Del Close na The Committee, kundi la maigizo la San Francisco, waliifanya mwaka 1967, na baadaye ikakomaa Chicago. Hapa jicho liko kwenye kipande kizima: neno moja la watazamaji, ufunguzi wa pamoja, matukio matatu, mchezo wa kundi, matukio yale yale yakirudi, mchezo mwingine wa kundi, kisha duru ya tatu ambapo nyuzi zinakutana. Nusu saa hivi. Ni umbo zuri sana, lakini wengi hulifundisha mapema mno. Mwanafunzi ambaye bado hawezi kubeba tukio la dakika tatu ataanza kuhesabu: hili la pili au la tatu? Mwenzake anazungumza na hewa.

Kwa hiyo chagua kwa ugonjwa unaouona. Wanasimama mikono ikining'inia wakiongea tu? Michezo ya mahali, vipindi viwili vitatu. Wanakubaliana kwa adabu na hakuna kinachosogea? Hadhi. Matukio ni mazuri lakini onyesho halina mwili? Sasa Harold.

Usichanganye maelekezo katika zoezi moja; mshika mawili, moja humponyoka. Mtu anayebeba sufuria isiyoonekana ukampigia kelele "Shusha hadhi!" ataimwaga. Kwa kipindi cha saa mbili na watu kumi na wawili, dakika kumi za kuchangamsha mwili zinatosha, kisha zoezi moja hadi kila jozi ipite mara mbili: mara ya kwanza wakosee, mara ya pili wajue walichokosea. Dakika ishirini za mwisho waache wacheze huru, nawe usiseme neno. Hapo ndipo utaona kama bomba wamelifunga.