Saa moja katika Chenal du Four

Jedwali la saa za maji kujaa na kupwa nililokuwa nalo lilikuwa na mstari mmoja mdogo ulioeleza kwamba saa zote zilizochapishwa humo zinafuata wakati wa majira ya baridi wa Ufaransa, na kwamba katika miezi ya kiangazi msomaji mwenyewe hana budi kuongeza saa moja. Niliusoma mstari huo siku niliyolinunua jedwali, nikauelewa, nikaupigia alama kwa kalamu nyekundu. Kisha asubuhi moja ya mwezi Juni, nikiwa peke yangu katika mashua ya tanga yenye urefu wa mita sita na nusu, kwenye lango la kaskazini la Chenal du Four, njia ya bahari kati ya bara la Ufaransa na visiwa vyake vya magharibi, niliusahau.

Nataka kuieleza asubuhi ile kwa kirefu, kwa sababu karibu wote walioniuliza habari za safari yangu waliniuliza kuhusu upweke, dhoruba na hofu ya usiku, wala hakuna aliyeniuliza kuhusu hesabu. Ilhali msafiri wa peke yake katika pwani ya ugenini huishi kwa hesabu. Mwenyeji huutambua mkondo kwa kuutazama: anajua rangi ya maji yanapokaribia kugeuka, anajua ni mwamba upi ukionekana basi muda umepita. Mgeni anaujua kwa karatasi tu, na akiwa peke yake hana mwenzake wa kumwuliza, "Una hakika umehesabu sawasawa?"

Pwani ninayoizungumzia ni ya Bretagne, pembe ya kaskazini-magharibi ya Ufaransa, ambako bahari ya Atlantiki huyasukuma maji yake kuingia Manche, bahari iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza, na kuyavuta tena mara mbili kwa siku. Katika bandari ya Brest, tofauti ya maji kujaa na kupwa huvuka mita 7 wakati wa bamvua kubwa, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa nguvu zaidi, na huko Saint-Malo, upande wa mashariki, hufika mita 12. Wafaransa wameyapa maji ya kila siku namba ya nguvu, kuanzia 20 hadi 120, ambapo 45 ni wastani wa maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo, na 95 ni wastani wa bamvua, na nimeona ni jambo la busara sana, kwa kuwa namba moja inamwambia baharia papo hapo kama siku ya kesho ni ya kupita au ya kukaa bandarini. Maji hayo yanapolazimika kujipenyeza kati ya bara na visiwa vya Molène na Ouessant, hayapandi na kushuka tu, bali hukimbia. Wakati wa bamvua, mkondo wa Chenal du Four huweza kufika noti tano, yaani maili tano za bahari kwa saa, na ule wa Fromveur, unaopita karibu na Ouessant, hufika nane. Mashua yangu, ikipata upepo mzuri kabisa, haizidi noti tano na nusu.

Kwa hiyo hupigani na mkondo, unaungojea. Kwa muda wa saa sita hivi maji ya Chenal du Four huelekea kaskazini, yakasimama kidogo, kisha yakageuka kwenda kusini karibu na wakati ambao maji yamejaa Brest. Mtu anayekwenda kusini anatakiwa awepo mlangoni maji yanaposimama, ili achukuliwe na mkondo saa zote zinazofuata. Atlasi ya mikondo ya pwani hiyo imepangwa kwa saa kabla na baada ya maji kujaa Brest, na ndiyo maana ukikosea saa ya Brest, umekosea kila ukurasa unaoufungua.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimelala L'Aber-Ildut, bandari ndogo iliyo ndani ya mlango wa mto, maarufu kwa mashua zinazoleta mwani uliovunwa baharini. Nilifanya kazi zangu za jioni kama kawaida. Mtu akiwa peke yake hawezi kushika kana ya usukani kwa mkono mmoja na kukunjua ramani kwa mkono wa pili huku mawimbi yakimrushia maji, hivyo maamuzi yote yanayoweza kufanywa usiku hufanywa usiku. Naandika kwenye karatasi moja, kwa herufi kubwa, uelekeo wa kila kipande cha njia, umbali wake, alama nitakazoziona kushoto na kulia, na mahali pa kukimbilia iwapo hali itabadilika. Minara ninaichora kabisa. Ukiingia Chenal du Four kutoka kaskazini unaiweka minara miwili ya taa katika mstari mmoja, Kermorvan mbele na Saint-Mathieu nyuma yake, uelekeo wa nyuzi 158.5, na ilimradi mmoja umeuziba mwingine, miamba inabaki pembeni yako. Kila ninapoutumia mstari wa namna hiyo nawafikiria mabaharia wa Beautemps-Beaupré, mchora ramani za bahari wa Kifaransa, ambao kuanzia mwaka 1816 walipima kina cha pwani hii mwamba kwa mwamba, wakiwa ndani ya mashua za makasia, kwa risasi iliyofungwa kwenye kamba. Mgeni anayepita leo salama anapita juu ya kazi yao.

Karatasi yangu ilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa katika mstari wa kwanza tu. Jedwali lilisema maji yangejaa Brest saa 1:10 asubuhi, namba ya nguvu ikiwa 80, nami nikaandika saa 1:10, ilhali kwa saa yangu ya mkononi ilikuwa saa 2:10. Niling'oa nanga ili nifike mlangoni saa 12:40, nusu saa kabla ya maji kusimama, kama nilivyoamini. Kwa kweli nilifika saa moja na nusu kabla.

Upepo ulitoka kaskazini, nguvu 4 katika kipimo cha Beaufort, ukinisukuma kutoka tezi, yaani nyuma ya mashua, na nilifurahi kuwa nimeupata upepo wa nyuma kwa njia yote ya kusini. Lakini bahari haikuwa kama nilivyotarajia. Mawimbi yalikuwa mafupi, yamesimama wima, yakivunjika yalipo kana kwamba yamegonga ukuta, na mashua ilipanda na kutumbukia bila kusonga. Hiyo ni dalili ambayo kila kitabu cha ubaharia huieleza: upepo na mkondo vinakutana uso kwa uso. Niliiona dalili, lakini nilikuwa nimekwisha kujiaminisha kwamba mkondo umekaribia kusimama, hivyo nikatafuta maelezo mengine. Kipimo cha mwendo majini kilisema noti 4.5, GPS, inayopima mwendo halisi kuelekea mbele pamoja na athari ya mkondo, ilisema 2.4. Tofauti ya noti mbili na ushei ilikuwa mbele ya macho yangu kama tangazo, na hata hivyo nilichofikiri ni kwamba kipimo kimeharibika, na kwamba mwani mrefu wa eneo lile umejiviringisha kwenye usukani na kuizuia mashua.

Basi nikakiachia chombo cha kushika usukani kifanye kazi yake, nikaenda tezini, nikainama nje ya mashua kutazama chini. Ili nifike pale nilifungua kulabu ya mkanda wangu wa usalama, kwa kuwa kamba yake ilikuwa fupi. Wimbi moja liliiinua tezi na kuiangusha ubavu, nami nikajikuta nimekumbatia nguzo ya reli kwa mikono miwili, maji yakinifika begani. Haikuchukua hata sekunde tatu. Hakukuwa na mwani wowote kwenye usukani.

Jambo hili ndilo lililonifanya nikae kimya jioni nzima siku ile. Mkondo wenyewe haukuwa na madhara makubwa: ulinicheleweshea saa moja, kisha ukasimama, ukageuka, bahari ikalala, na nikachukuliwa kwa upole kupita Pointe de Corsen, ncha ya magharibi kabisa ya bara la Ufaransa, hadi chini ya mnara wa Saint-Mathieu unaosimama ndani ya magofu ya abasia. Hatari ilikuwa katika maelezo ya uongo niliyojipa. Hesabu mbaya ilinifanya nisiamini vyombo vyangu, kutoamini vyombo kukanipeleka tezini, na tezini nikafungua kulabu. Angekuwepo mtu wa pili, angesema mara moja, "Huu ni mkondo," na kama asingesema, angekuwepo wa kugeuza mashua na kunifuata.

Pwani ile ina kumbukumbu nzito ya jambo hilo. Éric Tabarly, aliyeshinda mbio za kuvuka Atlantiki peke yake mwaka 1964 na tena mwaka 1976, alianguka kutoka katika mashua yake usiku mmoja wa Juni 1998, katika bahari ya magharibi ya Uingereza, akiwa na wenzake ndani, bila kuvaa mkanda. Wenzake hawakuweza kumpata. Mimi nisingekuwa hata na wa kujaribu. Tangu siku ile nimefunga kamba mbili imara kutoka tezi hadi omo, yaani mbele ya mashua, kila upande mmoja, na mkanda wangu una kulabu mbili, ili moja isifunguliwe kabla nyingine haijafungwa. Kwa maoni yangu, mashua ya msafiri wa peke yake ambayo haina kamba hizo haijawa tayari kutoka bandarini, hata kama ina vyombo vyote vya kisasa.

Suala la usingizi nitaligusa kwa ufupi. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini zinataka kila chombo kiwe na mtu wa kuangalia na kusikiliza wakati wote, na aliye peke yake akilala anaivunja kanuni hiyo. Upande wa nje wa Ouessant kuna njia za meli kubwa, zilizosogezwa mbali zaidi na pwani baada ya meli ya mafuta Amoco Cadiz kupoteza usukani na kugonga miamba ya Portsall tarehe 16 Machi 1978, ikamwaga zaidi ya tani 220,000 za mafuta. Nanga yake imewekwa Portsall, kubwa kuliko chumba cha mashua yangu. Niliamua tangu mwanzo kwamba nitasafiri mchana tu, bandari hadi bandari, na kwamba siku ambayo mkondo na mwanga wa jua havikubaliani sitasafiri. Baadhi ya wasafiri huona huo ni uoga. Mimi naona ndiyo njia pekee ya haki kwa wengine waliomo baharini.

Baada ya kupumzika katika bandari ya Camaret kwa siku tatu nikingoja maji yapungue nguvu, ulibaki mlango wa pili, Raz de Sein, kati ya Pointe du Raz na kisiwa cha Sein. Huo hauna msamaha kama wa Four. Mkondo wake wakati wa bamvua huvuka noti sita, na ukikutana na upepo, mawimbi huvunjika mlango mzima. Mbele zaidi, kwenye mwisho wa safu ya miamba inayotoka kisiwani, umesimama mnara wa Ar-Men, ulioanza kujengwa mwaka 1867 na kuwashwa mwaka 1881. Katika mwaka wa kwanza wajenzi waliweza kushuka juu ya mwamba mara saba, wakapata jumla ya saa nane za kazi. Saa nane kwa mwaka mzima, kwa watu walioijua bahari ile tangu utoto. Niliposoma habari hiyo nilijiambia kwamba mgeni hana haki ya kudai kupita huko kwa saa aitakayo yeye.

Jioni kabla ya kuondoka nilihesabu mara tatu, kila mara kwenye karatasi mpya, bila kutazama iliyotangulia. Nilisikiliza taarifa ya hali ya hewa kwenye redio, ambayo husomwa kwa Kifaransa cha haraka, na kwa kuwa nilikuwa nimeyakariri majina ya maeneo na maneno ya pepo, niliielewa yote: upepo wa mashariki, nguvu 2 hadi 3, ukungu haupo. Namba ya maji ilikuwa 48.

Nilifika mapema, nikashusha tanga la mbele na kuzunguka polepole upande wa kaskazini nikingoja. Kisha nikaona boya dogo la mtego wa kaa, lililokuwa limelala upande mmoja kwa kuvutwa na mkondo, likianza kusimama wima. Nilitazama saa, tofauti na karatasi yangu ilikuwa dakika sita. Nikatweka tanga nikaingia. Mnara wa La Vieille, uliowashwa mwaka 1887, ulikuwa kushoto kwangu, na karibu nao ile nguzo ya La Plate, ya njano na nyeusi, yenye koni mbili zilizogusana ncha, alama inayosema nipite magharibi yake. Maji yalikuwa tambarare, na nilisikia ndege wakilia juu ya miamba.

Nilifunga kamba kwenye boya la Sainte-Evette, karibu na Audierne, mchana wa siku hiyo. Ndani ya mashua, juu ya meza ya ramani, zinaning'inia saa mbili sasa. Moja ni ya nchi kavu. Nyingine niliinunua Camaret, nikaiweka sawa na jedwali, na chini yake nimebandika karatasi yenye neno moja: Brest.