Ninavyoiamsha MGB iliyolala miaka mingi

Mmiliki mpya wa gari la michezo la zamani hukimbilia rangi, viti na rimu. Mimi huanza na mipira, yaani mabomba laini ya mafuta na breki, pamoja na vimiminika, maana hivyo ndivyo vinavyooza gari likiegeshwa muda mrefu, hata kama geji inaonyesha maili chache. Nitaelezea kwa MGB, gari dogo lililoundwa Uingereza kati ya 1962 na 1980, kwa sababu vipuri vyake vingi bado vinatengenezwa na injini yake humvumilia anayejifunza.

Petroli ya zamani naimwaga yote. Mipira ya mafuta, kuanzia tenki hadi kabureta, naibadilisha yote hata kama kwa macho inaonekana mizima. Petroli ya siku hizi mara nyingi ina ethanoli, aina ya alkoholi, ambayo huumumunya mpira wa miaka ile kwa ndani. Vipande vyake hukwama kwenye vali ya boya, kabureta inafurika, na chini ya kabureta za gari hili kuna eksosi yenye moto. Nunua mpira ulioandikwa R9, alama ya mpira unaohimili ethanoli. Ukifungua swichi, pampu ya umeme iliyo karibu na gurudumu la nyuma la kulia hugonga kwa sekunde chache halafu hunyamaza. Isiponyamaza, ama inavuta hewa, ama tenki halina kitu, ama petroli inamwagika mahali fulani. Zima kwanza, ndipo utafute.

Injini isiharakishwe. Toa plagi zote 4, mimina kijiko cha chai cha oili katika kila silinda, kisha uiache hadi kesho yake. Tia gia ya 4 na ulisukume gari taratibu. Likigoma, ongeza oili usubiri tena. Ukilazimisha unaweza kuvunja ringi za pistoni. Injini ikizunguka, badilisha oili na filta: lita 4 na robo hivi za oili ya uzito wa 20W-50 yenye zinki ya kutosha, ambayo hulinda vyuma vinavyosuguana. Oili nyingi za kisasa zimepunguzwa zinki, na tapeti za injini hii husuguana moja kwa moja na kamshafti. Chomoa waya mwembamba wa koili, piga stata plagi zikiwa bado nje, mpaka sindano ya presha ya oili ipande.

Sasa rudisha plagi, pengo milimita 0.64. Pengo la pointi za distributa ni milimita 0.35 hadi 0.40, na mfuatano wa silinda kupata moto ni 1-3-4-2. Uwazi wa vali ni milimita 0.38, na hapa kuna kanuni ya 9 ambayo naipenda sana: vali ya 1 ikiwa imefunguka kabisa, pima ya 8; ya 3 ikifunguka, pima ya 6. Jumla ni 9 daima, hivyo huhitaji kukisia. Gari likisita unapokanyaga mafuta ghafla, angalia oili iliyo ndani ya sehemu ya juu ya kabureta za SU, aina iliyo kwenye MGB nyingi, kabla ya kugusa skrubu yoyote. Mara nyingi imekwisha tu.

Breki sizijaribu kwa kukanyaga na kuridhika. Mipira ya breki huvimba kwa ndani: presha inapita kwenda, lakini hairudi, na gurudumu linabaki limeshikwa. Inua gari, kanyaga, achia, kisha zungusha kila gurudumu kwa mkono. Linalogoma, fungua nati ya kutolea hewa. Likiachia, basi maji ya breki yalifungiwa ndani, na mpira ndio wa kushukiwa kwanza. Weka maji mapya ya breki ya daraja la DOT 4 kila baada ya miaka 2 kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewa.

Umeme ni mfupi lakini una mtego. MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967 zilitoka kiwandani upande chanya wa betri ukiwa umefungwa kwenye bodi, badala ya upande hasi. Ukifunga redio au chaja bila kuhakikisha, utaunguza kitu. Kebo ya choki ikipata joto unapopiga stata, ujue waya wa kuunganisha injini na bodi umekatika au una kutu.

Rimu za spoki zenye nati moja ya katikati hufunguliwa kwa kuizungusha nati kuelekea mbele ya gari, pande zote mbili. Paka grisi kwenye meno ya habu kabla ya kurudisha. Tairi zisome tarakimu 4 za mwisho za namba ya kiwandani iliyo ubavuni: 2315 ni wiki ya 23 ya 2015. Zikipita miaka 10 zitupe, hata kama kashata bado ni nzima.

Safari za kwanza ziwe fupi, jicho kwenye geji. Injini ikiwa moto na gari likiwa mwendoni, presha ya oili iwe psi (pauni kwa inchi ya mraba) 50 hadi 80; likisimama injini ikinguruma, 10 hadi 25. Ikishuka chini ya hapo, zima na upime kwa geji nyingine kabla ya kuifungua injini, maana geji ya zamani nayo huweza kudanganya.