Wandle, mto mfupi wenye kazi nyingi

Mto Wandle, unaopita kusini mwa London, hauzidi kilomita 15, na mwenye miguu mizima anaweza kuufuata wote kwa siku moja. Hata hivyo, naona ni vigumu kupata mto mdogo mwingine wa Uingereza uliotumikishwa kama huu, kwa kuwa kila hatua chache maji yake yamewahi kupewa kazi.

Unaanzia Carshalton, na tawi lake jingine linatoka Croydon, upande wa Waddon. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya North Downs huzama katika mwamba wa chaki, ikachujwa polepole, kisha maji yakabubujika karibu na pale chaki inapoingia chini ya matabaka mengine ya ardhi. Ndiyo maana maji ya huko juu ni maangavu, hata kokoto za chini huhesabika, na joto lake halipandi wala kushuka sana mwaka mzima. Lakini maji ya mabomba nayo huvutwa kutoka chaki hiyo hiyo, na tawi la Carshalton lilikuwa likikauka, hivyo ukawekwa mpango wa kuyasukuma maji kwa pampu kutoka sehemu ya chini ya mto na kuyarudisha kwenye mabwawa ya Carshalton ili yateremke upya. Chemchemi inayosaidiwa na pampu hainifurahishi, ila bwawa kavu lingeniudhi zaidi.

Kuanzia Beddington, sehemu kubwa ya maji hutoka katika mtambo wa kusafisha maji taka. Katika bustani ya Morden Hall bado yamesimama majengo ya vinu vilivyosaga tumbaku kuwa ugoro hadi mwaka 1922.

Merton ndipo ninapokaa zaidi. Hapo palikuwa na nyumba kubwa ya watawa iliyovunjwa mwaka 1538 kwa amri ya Mfalme Henry VIII, na mawe yake yakachukuliwa kujengea kasri la Nonsuch. Mwaka 1881 William Morris, mbunifu wa nakshi za vitambaa, alihamishia karakana zake Merton Abbey, akitaka maji ya Wandle kwa ajili ya kutia rangi na kusuuza vitambaa. Kitambaa kilichochovywa katika pipa la nili, rangi ya buluu itokanayo na mmea, hutoka kikiwa na rangi ya kijani na manjano, kisha kikipigwa na hewa hugeuka buluu machoni pa mtazamaji. Kwa baadhi ya nakshi zake Morris alikitia kitambaa chote rangi ya buluu kwanza, halafu akaiondoa rangi pale palipotakiwa ua au jani. Nakshi mojawapo, ya mwaka 1884, aliiita Wandle.

Wenye vinu waliyalinda maji yao kwa wivu. Ulipopendekezwa mfereji wa mashua kutoka Wandsworth hadi Croydon, ilihofiwa kwamba ungeunyang'anya mto maji, ikajengwa badala yake reli ya Surrey Iron Railway, iliyofunguliwa mwaka 1803, mabehewa yakivutwa na farasi. Gharama ya viwanda vyote hivyo ililipwa na samaki: kufikia miaka ya 1960 Wandle ulihesabiwa kuwa mfereji wa uchafu tu. Leo trauti wamerudi, na watu wa kujitolea huingia majini kuopoa matairi na vigari vya madukani.

Wandsworth mto unafichwa chini ya jengo la maduka, kisha unatokeza kando ya mahali ambapo bia imetengenezwa kwa karne nyingi, ingawa kiwanda kikubwa cha hapo kilifungwa mwaka 2006. Mdomo wake hauna uzuri wa kusifiwa. Maji ya Thames yakipwa, Wandle hupita katikati ya tope. Yakijaa, hurudishwa nyuma. Jirani yake kuna kituo ambacho taka za jiji hupakiwa kwenye matishari na kuteremshwa na mto mkubwa.